Ziwa Lililochorwa Kabla ya Maji

Wale mliofika kidato cha nne mnaikumbuka ile karatasi ya jiografia: ramani ya skeli 1:50,000, rula, kipande cha uzi cha kupimia barabara inayopinda, na mistari ya kahawia inayozunguka vilima. Kontua. Kila mstari unaunganisha sehemu zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Wengi wetu tuliikariri, tukaimwaga kwenye mtihani, tukaachana nayo. Jioni hii naomba irudi kidogo, kwa sababu kuna ziwa moja kubwa, jangwani kabisa, ambalo lilianza maisha yake likiwa kontua.

Ziwa lenyewe ni Mead, kusini-magharibi mwa Marekani, kwenye mpaka wa Nevada na Arizona. Ni maji ya Mto Colorado yaliyozuiwa na bwawa la Hoover, ukuta wa zege wenye kimo cha mita 221. Kutoka Las Vegas hadi ukutani ni mwendo wa gari usiofika saa moja. Likijaa, ziwa hilo linashika maji ya mto huo ya karibu miaka miwili. Kulizunguka, nchi yote ni mawe, mchanga, vichaka vya miiba, na mvua ya kuhesabika.

Mimi ni mgonjwa wa ramani za zamani, na bahati nzuri ugonjwa huu siku hizi ni wa bei rahisi. Idara ya Jiolojia ya Marekani imeziskani ramani zake za topografia zilizochapwa tangu 1884, zaidi ya 175,000, ikaziweka kwenye intaneti bila malipo. Mtu aliye Mwanza, Lamu au Muscat, mradi ana bando, anaweza kuzishusha na kuzipanga moja juu ya nyingine, eneo lile lile, kizazi baada ya kizazi. Ukifanya hivyo kwa Ziwa Mead utaona mambo ambayo ramani moja peke yake haiwezi kukuambia.

Tuanze na karatasi ya 1886, skeli 1:250,000. Imechapwa kwa rangi tatu, kama zilivyokuwa ramani zote za idara hiyo enzi zile: kahawia kwa sura ya ardhi, bluu kwa maji, nyeusi kwa kazi ya mikono ya watu. Kila rangi ilikuwa na bamba lake la shaba lililochongwa kwa mkono. Kwenye karatasi hiyo kahawia imetawala. Bluu ni nyuzi tu: Colorado wenyewe, mto Virgin ukiteremka kutoka kaskazini, na kijito kiitwacho Muddy kikiingia Virgin. Pale Muddy inapokutana na Virgin kuna jina la mji kwa wino mweusi: St. Thomas. Ramani nzima imepewa jina la mji huo.

Mji huo ulianzishwa 1865 na Wamormoni, watu wa dhehebu la dini, waliotumwa kutoka Utah kulima pamba. Walichimba mifereji, wakapanda miti, wakavumilia joto ambalo wakati wa kiangazi hupita sentigredi 45. Walidhani wapo Utah, au pengine Arizona, na kodi walilipa huko. Kumbe Bunge la Marekani lilikuwa limeisogeza mipaka ya Nevada, na mwaka 1870 wapimaji walipokuja kuuweka mstari ardhini ikadhihirika kwamba bonde lote liko Nevada. Serikali ya Nevada ikadai kodi, na malimbikizo, tena kwa fedha ya sarafu, si kwa ngano wala pamba. Watu wakafungasha. Mwaka 1871 karibu wote waliondoka, ikabaki familia moja. Kwa hiyo huu ni mji ambao uliwahi kuhamishwa na mstari wa mpimaji kabla haujaja kuhamishwa na mwingine. Miaka kadhaa baadaye wengine walirudi, wakalima upya, na hao ndio ramani ya 1886 na zilizofuata ziliwakuta.

Kuna ambao ramani hiyo haikuwaonyesha. Bonde la Muddy lilikuwa makazi ya Wapaiute wa Kusini, na muda mrefu kabla ya hapo waliishi humo wakulima wa jamii za Pueblo, waliojenga nyumba za vyumba vingi na kuchimba chumvi kwenye mapango ya karibu. Mwaka 1924 mwanaakiolojia Mark Harrington alianza kufukua makazi hayo, na magazeti yakayapachika jina la Jiji Lililopotea. Lilipotea kwa nani? Wapaiute walijua lilipo. Lakini wino mweusi wa mchora ramani ulikuwa wa barabara za magari ya farasi, migodi na posta, na jambo hili tulishike vizuri, kwa sababu baadaye, watu walipokaa mezani kuhesabu kitakachozama, walihesabu kutoka kwenye ramani.

Sasa, nani aliyetaka jangwa lipimwe kwa bidii namna hiyo? Mtu wa kumtaja hapa ni John Wesley Powell, mwanajeshi aliyepoteza mkono wa kulia kwenye vita vya Shiloh mwaka 1862, kisha akawa mwanajiolojia. Tarehe 24 Mei 1869 aliingia mtoni huko Wyoming na mashua nne na watu tisa, akateremka hadi ndani ya Korongo Kuu (Grand Canyon), mahali ambapo ramani za wakati huo zilikuwa nyeupe tupu. Waliotokea upande wa pili, tarehe 30 Agosti, ni sita. Watatu walikuwa wamekata tamaa siku mbili kabla, wakapanda juu ya magenge, hawakuonekana tena. Na walitokea wapi? Kwenye mlango wa mto Virgin. Huko waliwakuta Wamormoni wakivua samaki, ambao pia walikuwa wameagizwa waangalie kama mto ungeleta mabaki ya mashua au maiti za msafara. Habari ikafika St. Thomas, na askofu wa mji akaja na barua pamoja na matikiti. Hebu fikiria ladha ya tikiti kwa mtu aliyekuwa akila unga ulioota ukungu.

Powell akaja kuwa mkurugenzi wa Idara ya Jiolojia kuanzia 1881 hadi 1894, na hoja yake kubwa ilikuwa hii: nchi kame haigawiwi watu kwa kukisia. Kwanza ujue maji yapo wapi, yanaweza kuhifadhiwa wapi, na yatafika mashamba yapi. Ili ujue hayo, unahitaji kontua. Mwaka 1888 Bunge lilimpa fedha za kutafuta maeneo ya mabwawa, naye akazitumia sehemu kubwa kuchora ramani za topografia. Wanasiasa wa magharibi wakapandwa na hasira. Walitaka mifereji, wakaletewa karatasi! Tena sheria iliyompa fedha hizo ilisababisha ugawaji wa ardhi ya umma kusimamishwa hadi upimaji ukamilike, na walanguzi wa ardhi walikuwa wameshajipanga. Seneta William Stewart wa Nevada akawa mstari wa mbele kumpinga, na mwaka 1890 Bunge likafunga mfuko. Powell hakunyamaza. Mwaka 1893, mbele ya mkutano wa watetezi wa umwagiliaji huko Los Angeles, alisema wazi kwamba maji hayatoshi kwa ardhi yote inayonadiwa. Walimzomea.

Mimi humwona Powell kama mtu aliyetengeneza chombo kwa nia moja, kikaja kutumika kwa nia nyingine. Alitaka kontua ziwafundishe watu kiasi. Waliomfuata walizitumia kutafuta mahali pa kujenga ukuta mkubwa kuliko zote.

Tuingie mwaka 1923, maana hapa ndipo kazi inapopendeza. Idara iliwatuma majini watu wake chini ya Claude Birdseye, mkuu wa wapimaji, wapime Korongo Kuu kwa mfululizo. Glen Canyon na makorongo mengine ya juu yalikuwa yameshapimwa miaka miwili iliyotangulia. Waliondoka Lees Ferry tarehe 1 Agosti. Miongoni mwao alikuwemo Emery Kolb, aliyeongoza mashua, na Eugene La Rue, mtaalamu wa maji, ambaye jina lake naomba uliweke mfukoni.

Kazi ya kila siku ilikuwa hivi. Unachukua ubao bapa, unaufunga juu ya miguu mitatu, unausawazisha kwa pimamaji. Juu yake karatasi. Juu ya karatasi rula ya chuma yenye darubini. Mwenzako anapanda jabali ng'ambo ya pili akiwa na fito ndefu yenye alama, anaisimamisha wima. Wewe unachungulia. Ndani ya darubini kuna nyuzi mbili za mlalo, na unasoma kipande cha fito kinachoonekana katikati ya nyuzi hizo: kadiri kipande kinavyokuwa kirefu, ndivyo fito ilivyo mbali. Unasoma na pembe, unakokotoa umbali na kimo, unatia nukta kwenye karatasi. Mshika fito anahamia jabali jingine. Nukta zikitosha, unachora kontua papo hapo, kwa penseli, huku ukuta wenyewe umesimama mbele yako. Hakuna kwenda kukisia ofisini. Jua linakuchoma, penseli inateleza kwa jasho, na mto unanguruma kiasi kwamba mnaongea kwa ishara za mikono. Kisha mnapakia, mnaingia kwenye mkondo mkali unaoweza kuwapindua na karatasi zenu zote, mnasogea kidogo, mnaanza tena.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa redio, hili siwezi kuliruka. Msafara ule ulibeba redio. Wakati huo wapo waliodhani mawimbi hayawezi kushuka hadi chini ya korongo lenye kina kile. Yalishuka. Siku chache tu baada ya kuondoka, wakiwa wamezingirwa na kuta za mawe, walipata habari kwamba Rais Warren Harding amefariki, tarehe 2 Agosti. Siku ya mazishi, tarehe 10, walisimamisha kazi kwa heshima. Mwezi uliofuata, mahali paitwapo Lava Falls, mafuriko yaliupandisha mto zaidi ya mita 6 kwa usiku mmoja, na huko nje magazeti yakatangaza kwamba wamepotea. Hawakupotea. Walifika Needles, California, tarehe 19 Oktoba, ramani zikiwa kavu.

Ramani hizo zilichapwa 1924, skeli 1:31,680, yaani inchi moja kwa nusu maili. Ni karatasi nyembamba nyembamba zinazoufuata mto kona kwa kona, pamoja na michoro ya mteremko inayoonyesha mto unashuka kiasi gani kila maili. Ukizitazama harakaharaka utadhani ni ramani za mto. Angalia vizuri: kontua zinapanda ukutani hadi kimo fulani, kisha zinakoma. Juu ya hapo ni peupe. Mpimaji hakuchoka. Alipima hadi pale ambapo maji ya bwawa lolote lililofikiriwa yangefika, basi. Kwa mhandisi, kila kontua kwenye karatasi ile ni ufuko. Akiweka ukuta hapa, wenye kimo hiki, anafuata kontua ya kimo hicho kwa kidole, inaingia kila bonde na kutoka, mpaka inarudi upande wa pili wa ukuta. Eneo lililozungushiwa ndilo ziwa. Anapima eneo la kontua moja, na la inayofuata, anachukua wastani wake, anazidisha kwa kimo kilicho kati yao, anajumlisha kuanzia chini hadi juu, anapata ujazo. Ziwa zima limejaa mezani, na jangwani bado panarushwa vumbi.

Hapo ndipo St. Thomas ilipohukumiwa mara ya pili. Ilikuwa chini ya kontua.

Upande wa ardhi, basi, hesabu ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa upande wa maji. Tarehe 24 Novemba 1922, majimbo saba yaliyomo kwenye bonde la Colorado yalikuwa yametia saini mkataba wa kugawana mto huko Santa Fe. Majimbo ya juu eka-futi milioni 7.5 kwa mwaka, ya chini milioni 7.5. Eka-futi moja ni maji ya kufunika eka moja kwa kina cha futi moja, takriban lita milioni 1.2. Mwaka 1944 Meksiko nayo ikaahidiwa milioni 1.5. Jumlisha mwenyewe. Takwimu walizozitegemea zilitoka miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ambayo ilikuwa na maji mengi kupita kawaida, na wanasayansi waliosoma pete za miti ya zamani wamekuja kulithibitisha hilo. Tangu mwaka 2000 mto umekuwa ukileta wastani wa kama milioni 12 hivi.

Usije ukaniambia hawakujua. Mtoe La Rue mfukoni. Mtu huyu aliyekaa mashuani mwaka 1923 aliandika kwenye ripoti yake ya 1925 kwamba maji yaliyopo ni machache kuliko yanayogawiwa. Alikuwa mgomvi, alikuwa na msimamo wake kuhusu bwawa lijengwe wapi kwanza, na alisema mambo yake hadharani. Mwaka 1927 akawa ameondoka katika idara. Mwaka uliofuata, Desemba 1928, sheria ya kujenga bwawa ikapita. Wakulima na miji ya kusini waliuziwa mbuzi kwenye gunia, na aliyepapasa gunia akasema mbuzi ni mdogo alionyeshwa mlango.

Ujenzi ulianza 1931. Februari 1935 milango ikafungwa na maji yakaanza kupanda. Mwaka huo huo ndege zilipiga picha za bonde, na kwa picha hizo zikachorwa kontua mpya za sakafu na kingo, kwa undani kuliko za wale wa mashua. Ilikuwa nafasi ya mwisho. Tarehe 30 Septemba, Rais Roosevelt akazindua ukuta. Serikali ilikuwa imeshanunua mashamba na nyumba za St. Thomas, na makaburi yalihamishwa. Wengi waliondoka mapema. Mmoja, Hugh Lord, hakuamini kwamba maji yangefika kwake. Tarehe 11 Juni 1938 aliamka yakiwa mlangoni. Akapanda mashua, na kabla hajaondoka akaitia moto nyumba yake. Siku chache baadaye posta ikagonga mhuri wa mwisho kwenye rundo la barua, nyingi zikiwa za wakusanya stempu kutoka mbali, watu waliotaka kumbukumbu ya mji ambao hawakuwahi kukanyaga.

Sasa weka juu ya meza ramani za miaka ya 1950. Rangi imegeuka. Bluu imefurika, ina mikono mirefu inayoingia kila bonde, na jina la St. Thomas, lililokuwa limeipa ramani nzima kichwa, limezama. Ni karatasi nzuri ajabu. Lakini ukingo wa ile bluu umechorwa wapi? Kwenye kimo cha ziwa lililojaa, kama futi 1,221 kutoka usawa wa bahari. Ziwa hilo kwa miaka yake yote limekaa hapo kwa nadra. Lilijaa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Lilishuka sana miaka ya 1960, bwawa la Glen Canyon lilipoanza kujazwa huko juu na Ziwa Powell likaanza kukusanya. Mwaka 1983 lilijaa hadi likamwagika. Kwenye ziwa la asili, ukingo wa bluu ni maelezo ya kilichopo. Kwenye ziwa la bwawa ni dai. Mchora ramani ameandika kile ambacho mamlaka zimesema kinaruhusiwa kuwepo, na mtoto wa shule huko Nevada amekua akiamini kwamba maji yapo hapo.

Siwalaumu wachora ramani, walilazimika kuchagua mstari mmoja. Natulalamikia sisi wasomaji, tunaoitazama bluu na kuiamini kuliko rangi nyingine zote.

Kuna jambo lingine linalonifurahisha, na nitalipitia upesi. Wapimaji walioacha bikoni zao kuzunguka ziwa walirudi kuzipima tena miaka ya 1940 na karibu na 1950, wakakuta zimeshuka. Uzito wa maji ulikuwa umelibonyeza gamba la dunia, kwa zaidi ya sentimita 15 mahali palipozidiwa, na matetemeko madogo yalikuwa yameanza kusikika tangu 1936. Kwa hiyo hata vile vimo vilivyoandikwa kwenye ramani, ambavyo ndivyo vilivyolizaa ziwa, ziwa lilivigeukia likavisogeza.

Tope nalo lina habari yake. Colorado ilikuwa maarufu kwa maji mekundu mazito. Upimaji wa 1948 na 1949 ulionyesha kwamba ndani ya miaka 14 tu ziwa lilikuwa limepoteza takriban asilimia 5 ya nafasi yake kwa mashapo. Mengine yalitua juu kabisa, mto ulipoingia ziwani, yakajenga delta yenye unene wa makumi ya mita. Mengine yalisafiri sakafuni, maji mazito yakiteleza chini ya maji mepesi, hadi karibu na ukuta wenyewe. Walijuaje? Kwa kupima kina cha maji hadi sakafuni, kisha kulinganisha na kontua za 1935. Ramani ya zamani, ambayo mtu angedhani imekufa pale maji yalipoifunika, ndiyo ikawa kipimo pekee cha kujua tope limefika wapi.

Kisha ukaja ukame. Januari 2000 ziwa lilikuwa kwenye futi 1,214. Julai 2022 lilikuwa kwenye futi 1,040 hivi, kimo cha chini kuliko wakati wowote tangu lilipokuwa likijazwa miaka ya 1930. Zaidi ya mita 50 za maji zilikuwa zimeondoka. Kwenye kuta za mawe umebaki utando mweupe wa madini, umenyooka kama umepigwa kwa rula, ukifuata kila kona na kila kisiwa. Hiyo ni kontua ya Powell na Birdseye, safari hii si ya kwenye karatasi. Ukisimama kwenye mashua chini yake unainua kichwa kuutazama ukingo wa bluu wa ramani za miaka ya 1950, ukiwa juu yako kama paa la jengo la ghorofa kumi na zaidi.

St. Thomas imetoka nje. Misingi ya nyumba, ngazi za shule zinazopanda kwenda hewani, visiki vya miti iliyokuwa ikitia kivuli barabarani, mashimo ya visima. Watalii hutembea humo, na anayetaka kujua barabara ipi ilikuwa ipi huchukua ramani za zamani, si mpya. Miji ya leo imekuwa na mashaka ya aina nyingine. Las Vegas hupata karibu asilimia 90 ya maji yake kutoka ziwa hili, na mabomba yake ya mwanzo yalikuwa yamewekwa kwa kuamini ile bluu. Ikabidi wachimbe handaki la tatu chini ya sakafu ya ziwa, likakamilika 2015, lenye mdomo uliowekwa chini kiasi kwamba jiji litaendelea kunywa hata ukuta wa Hoover ukishindwa kupitisha tone kwenda mbele. Huko ni kujihami kwa watu waliosoma kontua upande wa chini badala ya upande wa juu, na kwa maoni yangu ndio wasomaji wazuri wa ramani kuliko wote katika kisa hiki.

Lakini asije mtu akadhani kwamba maji yakiondoka, ramani ya zamani inakuwa kweli tena. Panda hadi Pearce Ferry, pale mto unapotoka Korongo Kuu na kuingia kilikokuwa kichwa cha ziwa. Kwenye karatasi zilizochapwa 1924 mto unapita hapo kwenye njia yake ya siku zote. Halafu ziwa likaja, delta ikaifukia njia ile, tope likawa tambarare pana. Ziwa liliporudi nyuma, mto ukaanza kuchimba upya kwenye tope hilo, ukiwa hauna kumbukumbu yoyote ya ulikopita. Ukachagua mahali pengine. Ukachimba, ukachimba, mpaka ukakuta mwamba mgumu ambao zamani ulikuwa pembeni, nje ya njia yake, na sasa umenasa juu yake. Hapo pamezaliwa mkondo mkali wa hatari, unaoitwa kwa jina la mahali hapo, ambao haumo katika ramani ya Birdseye wala ya mtu mwingine yeyote wa karne iliyopita. Kwenye mto San Juan, upande wa Ziwa Powell, hali hiyo hiyo imetengeneza maporomoko kamili.

Waongozaji wa safari za mashua wanaotoka Korongo Kuu hawajaribu kuushindanisha mkondo huo na karatasi. Wanafika kabla yake kidogo, wanavuta mashua nchi kavu, wanazitoa upepo, wanazipakia kwenye malori, na abiria wanamaliza safari yao kwa barabara ya vumbi.